Kidingapopo: Historia ya Jina Moja na Homa Mbili

Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifisha istilahi, sisi maofisa huulizwa mara kwa mara kama neno fulani ni la Kiswahili au ni la kigeni. Ni nadra kuulizwa kama neno hilo lina mipaka. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia ya neno moja la pwani yetu, kwamba katika uwanja wa tiba swali hili la pili ndilo lenye uzito zaidi. Neno lisilo na mipaka likishaingia katika kadi ya mgonjwa, laweza kumfumba macho hata tabibu aliye hodari.

Nitaanza na kisa cha nyumbani. Hakina ajabu yoyote, na wasomaji wengi watakitambua. Mwaka 2019, mji wa Dar es Salaam ulipokuwa na mlipuko wa dengue, mjomba wangu aliamka na joto kali la mwili, macho yakimuuma kwa ndani na mifupa ikimuuma kana kwamba amepigwa. Alikwenda katika zahanati ya jirani. Damu yake ilipimwa, na vimelea vya malaria havikuonekana. Hata hivyo alipewa dawa za malaria, na katika kadi yake pakaandikwa neno moja tu: homa. Njiani alipitia duka la dawa, akaonyesha kadi ile, akauziwa vidonge vya aspirini vya kutuliza maumivu. Siku ya tano fizi zake zilianza kutoka damu. Hospitali aliyopelekwa baadaye ndiyo iliyotambua kuwa ana dengue, ugonjwa ambao mwenye nao hapaswi kupewa aspirini, kwa kuwa humzidishia hatari ya kutokwa na damu.

Alipona, kwa rehema za Mwenyezi Mungu na jitihada za wauguzi. Nilipokwenda kumwamkia aliniuliza, "Mpwa wangu, wewe kazi yako ni maneno. Hebu nieleze, hiyo homa ni ugonjwa gani?" Sikuwa na jibu la kumpa pale kitandani. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Homa: dalili iliyogeuka ugonjwa

Neno homa tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya msingi ni joto la mwili lililozidi kiasi. Kwa maana hiyo, homa ni dalili, kama vile kikohozi na kuharisha ni dalili. Lakini tutazame jinsi neno hilo linavyotumika. Tuna homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya papasi, homa ya uti wa mgongo, homa ya ini na homa ya mafua. Baadhi ya majina haya yametokana na kiungo kinachougua, baadhi na rangi ya mgonjwa, na baadhi na mdudu aletaye maradhi. Mgonjwa wa homa ya ini aweza kuugua muda mrefu bila mwili wake kupata joto lolote. Hapo neno homa limeacha kabisa maana yake ya asili, likawa sawa na "ugonjwa mkubwa". Zaidi ya hayo, mtu akisema "nina homa" bila kuongeza neno jingine, wengi wetu huelewa moja kwa moja kuwa ana malaria.

Utata huu si aibu ya Kiswahili peke yake. Huko Ulaya na Marekani, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, matabibu walizungumza juu ya homa kana kwamba ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Walizigawa kwa mwendo wake: homa isiyokatika, homa ya vipindi, homa ipungayo na kurudi. Tifasi, iletwayo na chawa, na taifodi, iletwayo na chakula au maji machafu, zilitibiwa kama kitu kimoja. William Gerhard wa Philadelphia alionyesha mwaka 1837, kwa kupasua maiti, kwamba utumbo wa waliokufa kwa moja ya homa hizo una vidonda ambavyo waliokufa kwa nyingine hawana. Miaka kumi na zaidi baadaye William Jenner wa London alilithibitisha jambo hilo. Hata hivyo jina taifodi, ambalo maana yake ni "inayofanana na tifasi", linabeba mpaka leo alama ya mkanganyiko ule.

Kuna fundisho jingine katika jina malaria. Kwa Kiitaliano neno hilo maana yake ni hewa mbaya, kwa sababu watu wa kale waliamini kuwa ugonjwa huu hutokana na mivuke ya mabwawa. Alphonse Laveran alikiona kimelea cha malaria katika damu ya mgonjwa nchini Aljeria mwaka 1880, na Ronald Ross akaonyesha nchini India mwaka 1897 kuwa mbu ndiye akibebaye. Tangu hapo hakuna daktari aliyeamini habari za hewa mbaya, na bado jina limebaki bila kumdhuru mtu. Kwa nini? Kwa sababu jina lilifungwa kwa kimelea maalumu kinachoonekana kwa hadubini. Twapata hapa kanuni ya kwanza: jina la ugonjwa laweza kuwa na asili ya makosa na likafaa, mradi lina mpaka. Vilevile jina laweza kuwa na asili nzuri, hata ya kishairi, na likapoteza watu kwa kukosa mpaka. Kidingapopo ni mfano wa namna hii ya pili.

Unguja, mwaka 1823 na mwaka 1870

Katika miaka ya 1860 na 1870 alikuwako mjini Unguja daktari Mskoti aitwaye James Christie. Huyu ndiye aliyeandika habari nyingi za milipuko ya kipindupindu katika Afrika Mashariki. Mwaka 1870, mara baada ya kipindupindu kuua watu wengi, ugonjwa mwingine uliingia mjini. Ulimshika mtu ghafla, ukamtia joto kali, ukamkakamaza viungo hata akashindwa kunyooka, na kisha vipele vikamtoka. Uliwapata watu wa kila tabaka kwa wingi mno, lakini waliokufa walikuwa wachache. Jambo moja lilikuwa dhahiri: joto lilipokwisha, maumivu ya viungo yalibaki kwa muda mrefu.

Kwa Christie ugonjwa huu ulikuwa mgeni, bali kwa wazee wa mjini haukuwa mgeni hata kidogo. Walimwambia kuwa ulikwisha kuja zamani, na kwa hesabu ya miaka waliyompa mlipuko huo wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1823 hivi. Walikuwa na jina lake pia. Christie aliliandika "ki-dinga pepo", akalieleza kuwa ni mshtuko wa ghafla wa kukakamaa uletwao na pepo. Makamusi ya baadaye yameliandika kidingapopo.

Yafaa tutambue ubora wa ushahidi huu. Watu wasio na hadubini wala maabara walitunza katika kumbukumbu yao jina na sura ya ugonjwa kwa karibu miaka hamsini, na ugonjwa uliporudi wakautambua. Hata hivyo yafaa tutambue pia udhaifu wake. Jina lilieleza namna mgonjwa anavyoonekana: ameshikwa, amekakamaa. Lau ugonjwa mwingine ungekuja na kumkakamaza mtu kwa namna inayokaribiana, jina lile lile lingeupokea bila kuuliza swali.

Safari ya jina

Homa ya 1823 haikukaa Unguja. Mwaka 1824 homa ya namna hiyo ilionekana katika miji ya India, ambayo majahazi ya pepo za kaskazi na kusi yaliiunganisha na pwani yetu. Mnamo mwaka 1827 na 1828 ilienea katika visiwa vya Karibi, kuanzia Saint Thomas mpaka Kuba. Waingereza wa visiwa vile waliiita homa ya "dandy", yaani mtanashati, kwa kuwa wagonjwa walitembea wamejikaza mithili ya bwana aliyevaa nguo zinazombana. Wahispania wa Kuba waliiita dengue, neno ambalo kwa lugha yao lina maana ya madaha.

Mwaka 1881 Christie alitoa hoja kwamba majina yale mawili yametokana na dinga ya Waswahili, lililochukuliwa na watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika Mashariki, kisha Wazungu wakalifananisha na maneno yao. Wako wataalamu walioikubali hoja hiyo na wako wanaoona kuwa neno ni la Kihispania tangu asili. Kwa madhumuni yetu hapa si lazima kuwaamua. Lililo hakika ni kuwa majina yote matatu yalifanya kazi ya aina moja, yaani kumchora mgonjwa asiyeweza kunyooka.

Sasa tufike penye kiini cha habari. Mwaka 1869 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kililipitisha neno dengue kuwa jina rasmi. Chombo hicho, katika jambo hilo, kilifanya kazi ile ile tunayoifanya sisi katika mabaraza ya lugha: kulichagua jina moja kati ya mengi na kuliwekea muhuri. Kusudi lilikuwa jema. Lakini wakati ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua chanzo cha ugonjwa, wala kwamba mbu ndiye aubebaye. Muhuri uliwekwa juu ya sura, nacho kilichokuwa nyuma ya sura hakijajulikana.

Baada ya hapo jina lilianza kumeza. Homa ya viungo iliyoelezwa na David Bylon mjini Batavia mwaka 1779 ikaitwa dengue. Homa ya kuvunja mifupa iliyoonwa na Benjamin Rush mjini Philadelphia mwaka 1780 ikaitwa dengue. Homa ya Karibi ya 1827 ikaitwa dengue, na kidingapopo cha Unguja cha 1870 nacho kikaandikwa hivyo hivyo. Daktari aliyekuta maumivu ya viungo yanadumu miezi mingi na daktari aliyekuta mgonjwa anatoka damu waliandika neno moja. Neno likiwa moja, nani angeona sababu ya kutafuta maradhi mawili?

Newala, mwaka 1952

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia virusi vya dengue vilipatikana kwa mara ya kwanza: Kimura na Hotta walivitenga nchini Japani mwaka 1943, na Albert Sabin wa Marekani akavitenga mwaka uliofuata. Hapo jina dengue, lililokuwa limetangatanga kwa zaidi ya miaka mia moja, lilipata mwenyewe. Kuanzia siku hiyo dengue ni ugonjwa uletwao na virusi vile. Lakini hakuna aliyesimama kuuliza kama mwenyewe huyo ndiye yule aliyepewa jina hapo mwanzo.

Jibu lilitoka kusini mwa Tanganyika. Mwaka 1952 na 1953 palitokea mlipuko mkubwa wa homa katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wilayani Newala. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake, na W. H. R. Lumsden akaeleza namna ulivyoenea. Makala zao zilichapishwa mwaka 1955. Uwanda ule una shida ya maji, na watu wameshazoea kuyaweka akiba nyumbani; humo katika vyombo vya maji ndimo mbu aina ya Aedes aegypti huzaliana. Kwa sura, ugonjwa ulifanana mno na dengue. Mtu alishikwa ghafla, akapata joto kali na vipele, na maumivu ya viungo yakampinda.

Ilikuwa rahisi kuandika "dengue" na kufunga jalada. Watafiti hawakufanya hivyo. Walichukua jina ambalo Wamakonde wenyewe walilitumia, chikungunya, lenye maana ya kile kinachopinda au kukunja, wakalitumia kwa muda wakati damu za wagonjwa zikichunguzwa. Mwaka 1956 R. W. Ross alichapisha habari za virusi alivyovipata katika mlipuko ule. Havikuwa virusi vya dengue, wala vya jamii moja navyo.

Naomba msomaji alinganishe majina haya mawili. Kidingapopo ni mtu aliyekakamaa. Chikungunya ni mtu aliyepinda. Kwa maana, ni ndugu. Yote mawili yametokana na jicho la mtu wa kawaida anayemtazama mgonjwa wake, na yote mawili yametoka katika lugha za Kibantu za Afrika Mashariki. Tofauti kati yao ni moja tu. La kwanza liliachwa lisafiri bila mipaka mpaka likamezwa na jina jingine. La pili lilifungwa kwa virusi maalumu tangu lilipoingia katika maandishi ya tiba, na leo linatumika duniani kote bila kukosewa. Kosa lililoenea ni kuhusu asili yake tu, maana vitabu vingi vya nje vimeandika kuwa ni neno la Kiswahili, ilhali ni haki ya Kimakonde.

Mwaka 1971 Donald Carey, katika makala ya historia ya tiba, aliyarudia maandishi ya zamani akitumia elimu mpya. Alionyesha kuwa homa ya Rush ya 1780 yafanana na dengue ya kweli, bali ile ya Unguja ya 1823 na 1870 na ile ya Karibi ya 1827, pamoja na maumivu yake ya viungo yasiyokwisha, zafanana zaidi na chikungunya. Wachunguzi wa baadaye wamemuunga mkono. Kwa hiyo, kwa kadiri ushahidi unavyotuongoza, kidingapopo cha wazee wa Unguja kilikuwa jina la chikungunya. Na makamusi yetu yanapokilinganisha na dengue, yanaendeleza kosa ambalo si letu, bali lilitiwa muhuri mbali na hapa.

Athari kwa utambuzi wa maradhi

Huenda msomaji akauliza: kama magonjwa yote mawili huletwa na mbu yule yule, na yote hayana dawa ya kuyaua, kuna hasara gani yakiitwa kwa jina moja? Hasara ipo, na kubwa. Katika dengue, hatari hutokea mara nyingi siku joto linaposhuka. Majimaji ya damu huvuja kutoka katika mishipa, shinikizo la damu huporomoka, na mgonjwa ambaye ndugu zake wanafurahi kuwa amepata nafuu aweza kufa kwa siku moja. Katika chikungunya vifo ni vichache, lakini viungo vyaweza kuuma kwa miezi au miaka. Dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ambazo mgonjwa wa chikungunya huzihitaji dengue ikishathibitishwa kuwa haipo, ndizo zinazoweza kumdhuru mgonjwa wa dengue. Anayepewa jina lisilo lake hupewa pia tahadhari isiyo yake.

Tena mbu na virusi hawakungoja tutengeneze istilahi. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, na uchunguzi uliofanywa huko ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi waliambukizwa. Kutoka pwani ya Kenya ilikwenda Komoro mwaka 2005, na kutoka hapo Réunion, ambako karibu theluthi moja ya watu wote waliugua. Baadaye ilienea India. Ni njia ile ile ya bahari iliyofuatwa mwaka 1823. Dengue nayo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2010, 2014 na 2019. Magazeti na matangazo ya miaka hiyo yalizungumza juu ya "homa ya dengue". Ikiwa hoja ya Christie ni ya kweli, neno lililoondoka pwani hii karne mbili zilizopita lilirudi nyumbani kwa jina la kigeni, nasi tukalipokea kama mgeni.

Lakini mgonjwa wa kawaida hakuambiwa kuwa ana dengue wala chikungunya. Aliambiwa kuwa ana malaria, au ana homa tu. Hapa tunayo hesabu. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali kumi nchini Tanzania, ukachapishwa mwaka 2004, uliwahusu wagonjwa 4,474 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa malaria kali. Waliokutwa na vimelea katika damu walikuwa 2,062, yaani chini ya nusu. Uchunguzi mwingine ulifanywa katika hospitali mbili za Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008 juu ya wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Matabibu waliwaandikia 528 kuwa wana malaria. Waliokuwa nayo hasa walikuwa 14. Tena kati ya wagonjwa 700 waliopimwa virusi viletwavyo na mbu, 55 walikutwa na chikungunya. Ugonjwa uliotambuliwa duniani kwa mara ya kwanza katika ardhi ya nchi hii, ukapewa jina na watu wa nchi hii, ulikuwa umelala wodini ukifunikwa na jina jingine.

Haitakuwa haki kuitupia lugha lawama yote. Zahanati nyingi hazikuwa na vipimo, na malaria ilikuwa kweli inaua. Daktari aliyeogopa kuikosa alikuwa na sababu. Tangu vipimo vya haraka vya malaria vilipoenea, hali imebadilika sana. Lakini kipimo hujibu swali moja tu: ni malaria au si malaria. Kikijibu "si malaria", tabibu hurudi kwenye neno alilo nalo, na neno hilo ni homa. Penye jina pana namna hiyo, uchunguzi hupata mahali pa kupumzika kabla haujafika mwisho.

Utata huweza kwenda kinyume vilevile: jina likawa jembamba kupita ugonjwa wenyewe. Tafiti zilizofanywa wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wazazi wengi walijua vizuri kwamba homa hutibiwa hospitali. Lakini mtoto alipokakamaa na kugeuza macho, waliuita ugonjwa huo degedege, wakauona kuwa si homa bali ni maradhi ya namna nyingine, yenye waganga wake. Kumbe mara nyingi ilikuwa malaria ile ile, imepanda kichwani. Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walifuata mpaka uliochorwa na lugha, na mpaka huo ulipita mahali pasipofaa.

Hoja ya neno la asili

Tunapokutana katika vikao vya istilahi, kanuni yetu hujulikana: kwanza tutafute neno katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho ndipo tuende kwa wageni. Ni kanuni njema, na mimi ni mmoja wa wanaoitetea. Kwa kanuni hiyo, wenzangu wengi wangependa dengue iitwe kidingapopo. Neno ni letu, ni la kale, linapendeza kulitamka, na yamkini ndilo mama wa neno la kigeni.

Mimi nakiri kuwa nalipenda neno hilo kuliko maneno mengi niliyopata kuyashughulikia. Hata hivyo nadhani hatuna budi kulizuia lisiingie katika orodha za kitabibu kwa maana ya dengue. Tukiliingiza, tutakuwa tumelirudisha jina kwa ugonjwa ambao wazee walioliunda hawakuumaanisha, na tutakuwa tumewapa wauguzi neno ambalo nusu ya historia yake inaelekea upande mwingine. Wala hatuwezi kulipa chikungunya, kwa maana ugonjwa huo una jina la Kibantu tayari, lenye mpaka ulio wazi, na linalotamkika kwa Kiswahili bila kugeuzwa hata herufi.

Mapendekezo

Kwanza, neno homa lisanifishwe kuwa jina la dalili, yaani joto la mwili lililozidi kiasi, na vitabu vya mafunzo ya wauguzi na matabibu vilitumie kwa maana hiyo peke yake. Mahali ambapo sababu haijajulikana, kadi iandikwe "homa, sababu haijatambuliwa". Maneno hayo matatu yangemfanya muuza dawa asimame kidogo kabla ya kufungua kopo la aspirini, na yangemfanya tabibu wa pili ajue kuwa kazi haijakwisha.

Pili, majina kama homa ya matumbo na homa ya manjano, ambayo yamekwisha kuzoeleka na yana mpaka unaojulikana, yaachwe kama yalivyo. Homa ya papasi ni jina bora kuliko yote, kwa kuwa linamtaja mdudu mwenyewe na kumwonya mtu alale wapi. Lakini majina mapya ya maradhi yasiundwe kwa kuongeza tu neno homa mbele ya kiungo cha mwili.

Tatu, dengue na chikungunya yawe majina ya maradhi mawili mbalimbali, kila moja likifasiliwa kwa kutaja virusi vyake, dalili zinazolitenga na jingine, na hatari yake. Fasili ya istilahi ya tiba isiyosema ugonjwa huo unatofautianaje na ule unaofanana nao, haijakamilika.

Nne, kidingapopo kibaki katika makamusi ya jumla pamoja na historia yake: jina la kale la pwani kwa homa ya kukakamaza viungo, iliyojulikana Unguja tangu mwaka 1823.

Tano, wasomaji wetu walioko vijijini na mijini watuandikie majina ya homa yanayotumika katika sehemu zao, pamoja na maelezo ya namna mgonjwa wa kila moja anavyougua, siku ngapi, na nini hufuata baada ya joto kushuka. Wamakonde wa Newala walikuwa na jina mkononi siku lilipohitajika. Huenda lipo jina jingine kama hilo mahali fulani, linasemwa kila masika, na hakuna aliyeliandika.

Mjomba wangu amekwisha pata jibu lake. Nilimwambia kuwa homa si ugonjwa, na kwamba siku nyingine akiandikiwa neno hilo peke yake, aulize kwa heshima: "Homa ya nini, daktari?" Alinijibu kwamba laiti angelijua swali hilo mapema, angelibakiwa na damu yake.